Ombi la Kuizuia Mashine ya Chokocho Isifike Kumi na Mbili

Mwanakhamis Hamdan Mmanga,
Mwanachama nambari 41,
Chokocho, Pemba.

Alkhamisi, 13 Novemba 2025

Kwa Ndugu Ridha, Mwenyekiti,
Ushirika wa Makonyo na Barafu,
Chokocho.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUIZUIA MASHINE YETU ISIFIKE ASILIMIA KUMI NA MBILI

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, umeshakunywa chai yako, na umeketi katika ofisi mpya yenye feni ambayo sote tuliichangia na ambayo wewe unaitumia kwa niaba yetu. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, nayo nimeyatengea nafasi yake huko mbele.

Naandika nikiwa mwanachama halali wa Ushirika, mwalimu mstaafu wa hesabu, na mzazi. Naomba uisome barua hii kama imetoka kwa mwanachama. Ukiisoma kama imetoka kwa mzazi unaweza kudhani nina jambo langu binafsi, na mimi sina.

Kwa faida ya wajumbe wa kamati ambao hutia saini mihtasari kabla ya kuisoma, naeleza tangu mwanzo. Kiwanda chetu kinachemsha makonyo ya karafuu ili kupata mafuta. Boila ikishamaliza kazi hiyo hubakiwa na joto, na zamani joto hilo lilikuwa linakwenda zake hewani bila kuaga. Miaka mitatu iliyopita ikaletwa mashine, ikateremshwa bandari ya Wesha kwa vigelegele, ije ilikamate joto hilo na kuligeuza umeme wa kugandishia barafu. Ndani ya mashine hamna maji. Mna majimaji fulani ya viwandani ambayo huchemka kwa joto dogo kuliko maji. Mvuke wake unazungusha gurudumu, gurudumu linatoa umeme, kisha mvuke unapozwa na mafeni makubwa yaliyoko uani, unarudi kuwa majimaji, unasukumwa na pampu na kuanza safari upya. Waliotuuzia waliahidi kwamba katika kila sehemu mia za joto linaloingia, sehemu kumi na mbili zitatoka zikiwa umeme. Zikatoka saba.

Hapo ndipo mlipoomba mhandisi, mkaletewa Nusaiba Muntasir, ambaye kwa bahati mbaya nilimzaa mimi.

Mkataba wake, kifungu cha tisa, unasema atabaki Chokocho mpaka mashine itoe asilimia kumi na mbili kwa saa tatu mfululizo mbele ya Mwenyekiti, na fomu itiwe saini. Wiki hiyohiyo anahamishiwa bara, huko Mbeya, ambako wanachimba mvuke wa ardhini na wana mashine ya aina hii iliyo kubwa mara ishirini kuliko yetu. Jumatatu iliyopita, katika jaribio la nne, mashine ilitoa kumi na moja nukta sita. Imebaki sifuri nukta nne. Kwa kuwa desimali zilikuwa zinakutoa jasho ulipokuwa darasani kwangu, nakufafanulia kwamba imebaki kidogo sana.

Naomba hiyo sifuri nukta nne isipatikane. Sababu zangu, ambazo zote ni za maslahi ya umma, ni kama zifuatavyo.

1. Joto la uani limechukuliwa bila wenyewe kuulizwa. Mashine ilipokuwa mbovu, mafeni yale yalikuwa yanapuliza hewa ya moto uani mchana kutwa. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua mvua za vuli zinavyofanya. Zikikukuta na karafuu mbichi kwenye majamvi, siku tatu bila jua, karafuu zote zinageuka mpeta, nyepesi, zimepauka, hata mnunuzi anaona haya kuzishika. Basi sisi wanawake tuliyahamishia majamvi yetu nyuma ya mafeni. Jirani yangu Mardhiya aliokoa mavuno yake yote ya mwaka ule. Hakuna mfadhili aliyetuletea mradi huo, hakuna utepe uliokatwa, wala hatukuhudhuria semina yoyote, na nadhani ndiyo maana ulifanya kazi.

Akaja mhandisi. Wiki mbili nzima alizunguka na kipimajoto, hasemi na mtu, halafu akaandika ripoti. Ukurasa wa nne wa ripoti hiyo unasomeka hivi: chanzo kikuu cha upungufu ni hewa ya mafeni kuzibwa na majamvi matatu ya karafuu, mali ya Bi Mwanakhamis Hamdan. Ndugu Mwenyekiti, nimefundisha miaka thelathini na minne bila kupewa hata barua moja ya onyo. Leo nimo kwenye makabati ya Serikali nikiwa hitilafu ya mashine, na aliyeniandika humo ni mtoto niliyempangusa kamasi kwa upindo wa kanga yangu. Tukayaondoa majamvi, mashine ikapanda kutoka saba hadi nane na nusu. Naomba ieleweke kwamba hiyo asilimia moja na nusu ya kwanza ilipatikana kwa mimi kuondoka. Kwenye ukurasa wa shukrani sikutajwa.

Hakutosheka. Akaongeza chombo cha mabomba ambamo mvuke unaotoka kwenye gurudumu, ungali na moto, unayapasha yale majimaji yanayorudi kabla haujafika kwenye mafeni. Yaani joto linarudishwa ndani badala ya kuja kwetu. Mardhiya alikwenda kuweka kiganja nyuma ya feni, akakuta upepo vuguvugu wa kumlazia mtoto. Akanigeukia, akasema: "Weye Mwanakhamis, mwanao katuzimia jua la pili." Nimejibu leo, kwa maandishi, kwako.

2. Alama zenyewe ni za aibu. Katika miaka yangu ya ualimu, mtoto aliyepata kumi na mbili kwa mia alikuwa anarudia darasa. Hatukumpigia vigelegele wala hatukumwita Mkuu wa Wilaya aje apigwe picha naye. Sasa nasikia Ushirika umeshaagiza mabango ya kusherehekea kumi na mbili. Naomba kuuliza, je, themanini na nane zimekwenda wapi? Mimi niliyechukua joto la majamvi matatu nimeandikwa jina. Themanini na nane zinapotea kila siku ya Mungu na hakuna tume iliyoundwa.

Nilimuuliza mhandisi mwenyewe. Akanieleza kwa upole sana, upole ambao watu waliosoma hutuwekea akiba sisi tuliowasomesha, kwamba joto lenyewe la boila yetu ni dogo, na kwamba hata mashine isiyo na kasoro yoyote haiwezi kupata zaidi ya ishirini na mbili kwa joto kama hilo na hewa kama hii ya kwetu. Alisema ndivyo maumbile yalivyo na hakuna wa kumlalamikia. Nimelipokea jibu hilo kwa mikono miwili. Kwa hiyo haki ni kwamba lengo la mkataba liwe ishirini na mbili, siyo kumi na mbili. Kwa mwendo wake wa miaka miwili hii, na nikizingatia kwamba nukta za mwisho ndizo ngumu, nimepiga hesabu na kuona atamaliza baada ya miaka kumi na minne hivi. Nitakuwa na umri wa miaka sabini na minane, na huo ni umri wa kutosha kumuaga mtu.

Na kama ishirini na mbili haiwezekani, basi mashine irudie darasa. Mashine haiwezi kurudia darasa peke yake, itahitaji mwalimu wake awepo.

3. Viungo. Mhandisi ana hofu kubwa kwamba yale majimaji yatavuja, maana yakivuja kidogo tu mashine inachoka, na kuagiza mengine ni kazi ya miezi. Kwa hiyo kila Jumamosi anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha kila bomba, anainama, anatazama kama kuna kiputo kinachojitokeza. Kuna viungo mia moja na kumi na viwili, na vyote anavijua kwa nambari. Kiungo nambari thelathini kinamkosesha usingizi. Mimi nina viungo viwili tu vinavyouma, goti la kulia na goti la kushoto, vina umri wa miaka sitini na minne, na havijawahi kupewa nambari.

Kwenye kifungu hikihiki naongeza habari ya blanketi langu. Mwaka jana alilichukua, lile la kijivu, akalifunga kwenye bomba refu la kutoka kwenye boila ili aone joto litaokoka kiasi gani. Likaokoka, mashine ikapanda nukta tatu, halafu zikaagizwa sufi maalumu za kuvalisha mabomba yote. Blanketi nimerudishiwa likiwa na harufu ya makonyo, na nimelala nalo hivyohivyo. Sitaki fidia. Nataka tu ijulikane kwamba kuna bomba katika kijiji hiki lililofunikwa kabla ya mama wa mtu.

4. Nimetumiwa bila kuelezwa. Kila jioni baada ya Magharibi, akirudi, kabla hajavua viatu alikuwa ananitajia nambari ya siku hiyo. Nane nukta tano. Tisa nukta mbili. Kumi kasoro kidogo. Mimi ni mtu wa hesabu, hufurahishwa na nambari inayopanda, na kila alipovuka nambari nzima au kupata mrukio mkubwa nilikuwa nampikia mkate wa kumimina, na samaki wa kupaka pembeni. Nimepika mikate sita. Majirani wote walikula.

Wiki mbili zilizopita aliniomba nimtafutie cheti chake cha kuzaliwa, Mbeya walikuwa wanataka nakala. Nikafungua sanduku lake, nikakuta mkataba juu ya vyeti, nikasoma kifungu cha tisa. Nikakisoma tena nimevaa miwani. Ndugu Mwenyekiti, miaka miwili nilikuwa nasherehekea kuondoka kwa mwanangu, nukta kwa nukta, na kwa kila hatua aliyosogea bandarini mimi nilikuwa nampa mkate wa njiani.

Sikumuuliza. Yeye naye hakuniambia. Tangu siku ile nambari anaitaja kwa sauti ndogo, nami naitikia kwa kusema mashallah kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali.

Hapa nitasema kweli, halafu nitarudi kwenye maslahi ya umma. Naogopa. Muntasir, baba yake, alifariki yeye akiwa chuoni Dar es Salaam, boti ikachelewa, hakumuwahi. Baada ya hapo nikakaa nyumba ile miaka saba, na nilikuwa nikiweka kikombe mahali, asubuhi nakikuta palepale. Tangu arudi vikombe vinahama, vingine vinavunjika, mlango unapigwa, mtu ananung'unika kwamba chumvi imezidi. Sijui nitafanya nini vikianza kutulia tena. Aya hii si hoja na nilitaka kuifuta, lakini nimeandika kwa kalamu ya wino.

5. Ni mfano mbaya kwa wahandisi wengine. Hapa jirani yetu, kijiji sikitaji, kuna mhandisi wa pampu ya maji aliyekuja kwa mradi wa miezi sita. Yuko mwaka wa kumi na moja. Pampu haijawahi kutoa ndoo moja. Kila mwaka inakuja barua kwamba asiondoke mpaka kazi ikamilike, na kila mwaka kazi kwa huruma yake haikamiliki. Ameoa, ana watoto wawili, amepewa kiwanja, na mwaka huu alikuwa mgeni rasmi kwenye mashindano ya ng'ombe. Watu wanampenda kwa dhati, hata mimi nampenda, ni mtu wa salamu.

Sasa tazama upande wa pili. Nusaiba ni mzaliwa wa hapa, kazi aliyopewa ameifanya, amechafuka, ameungua mkono mara mbili, amepanda juu ya paa la mafeni akiwa amevaa buibui. Malipo yake ni tiketi ya boti. Aliyeshindwa kazi tumempa kiwanja, aliyeiweza tunamsindikiza. Vijana wanaona haya yote, Ndugu Mwenyekiti, na vijana si wajinga. Ukitaka Pemba ibaki na wahandisi, wafundishwe kuzembea kwa kiasi. Niko tayari kutoa mafunzo hayo mwenyewe bila posho, ikiwa Ushirika utatoa chai.

6. Suala la baridi. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo kubwa, na kwa sababu nimelifanyia utafiti.

Mhandisi amekuwa akinifundisha kwamba mashine hii haivutwi na moto peke yake. Inavutwa na tofauti kati ya moto wa upande mmoja na baridi ya upande wa pili, na upande wa baridi ukiwa baridi zaidi, ufanisi unapanda bila kuongeza hata kikapu kimoja cha makonyo kwenye boila. Nikakaa na karatasi. Mashine yetu inatoa umeme, umeme unagandisha barafu. Basi barafu hiyo ikamwagwe kwenye mafeni, mafeni yapoe, mashine itoe umeme zaidi, umeme ugandishe barafu zaidi, nayo imwagwe kwenye mafeni. Kwa hesabu yangu, kufikia Ramadhani tungekuwa tunawauzia umeme Unguja. Nilimpelekea mhandisi karatasi hiyo. Aliisoma, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniambia kwamba barafu itakayotumika kupoza itakula umeme mwingi kuliko utakaopatikana, na kwamba watu wakubwa wenye vitambi Ulaya wamekosea hivyohivyo kabla yangu. Ilikuwa jioni nzuri. Lakini hakutia saini karatasi yangu, na hilo nalalamikia.

Basi, kwa kuwa barafu imekataliwa, napendekeza Ushirika uiandikie Serikali rasmi ili hewa ya Chokocho ipunguzwe joto, kiasi cha nyuzi kumi hivi. Sioni ugumu, maana tumeshaahidiwa makubwa kuliko hayo wakati wa kampeni na tukapiga makofi. Ikionekana bajeti haitoshi kuipoza Chokocho mahali ilipo, napendekeza Chokocho ihamishiwe Mbeya. Nimeambiwa kule hewa ni ya baridi tayari, watu wanavaa sweta mchana, kwa hiyo mashine itapanda yenyewe. Tutahama na kiwanda, boila, majamvi, msikiti na makaburi. Mikarafuu itakataa baridi ya kule na itakufa, lakini ufanisi utakuwa mkubwa, na nimefahamishwa kwamba ufanisi ndilo jambo tunalolitafuta. Faida ya pendekezo hili ni kwamba mhandisi ataweza kuhamia Mbeya bila kuondoka nyumbani.

Nimelitazama pendekezo hilo kwa siku tatu na sijaona kasoro yake.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba mambo matatu, na nakuachia wewe uchague lolote kati ya hayo. La kwanza, kifungu cha tisa kibadilishwe, panaposema kumi na mbili pasomeke ishirini na mbili. La pili, kama wafadhili watakataa, basi majamvi yangu yarudishwe nyuma ya mafeni kwa amri ya Ushirika, ili nami niitumikie jumuiya yangu kwa njia pekee ambayo ripoti imethibitisha kwamba naiweza. La tatu, kama yote hayo ni mazito, usiende kwenye jaribio la tano. Bila Mwenyekiti hakuna fomu. Waambie una homa, una mkutano mjini Chake, umefiwa na shangazi. Kwenye kamati hii wewe umekosa vikao tisa bila sababu, sioni kwa nini cha kumi kikushinde kwa sababu njema.

Namalizia kwa kukuombea uongozi wenye afya na usingizi wa kutosha. Nisalimie Bi Khairat na watoto wote hapo nyumbani, mwambie mkeo huyo ile sinia yake niliyoazima ipo salama. Wasalimie wajumbe wa kamati, waliosoma na wasiosoma. Wasalimie wateja wetu wa Kojani wanaovuka na mashua kuja kutuchukulia barafu, waambie haya ninayolalamikia hayawahusu wao na barafu yao nawatakia ikae. Msalimie na Bakari wa boila, japo ndiye atakayekuletea barua hii na salamu zangu atazipata kabla yako.

Nibaki mimi, mwanachama wako mtiifu, na mwalimu wako wa darasa la tatu B,

Mwanakhamis Hamdan Mmanga

Nakala: Nimejiwekea moja. Mhandisi asipewe.

Baada ya saini: Ndugu Mwenyekiti, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua mwenyewe kwa mvuke wa birika, usidhani imechezewa.

Bakari alipokuja kuichukua nilimpa maji, na katika kuzungumza nikamuuliza, kwa kutaka tu kujua, kwa nini majaribio yote manne yamefanyika saa sita mchana hadi saa tisa, jua likiwa kali kuliko wakati wowote. Nilidhani ndiyo sharti. Wewe mwenyewe ulilalamika kwamba lilikuunguza kipara. Bakari akasema hakuna sharti kama hilo. Saa huchagua mhandisi. Akasema boila msimu huu haizimwi, na yeye huwa anasoma mita kila siku akitoka kuswali Alfajiri, hewa ikiwa ingali na umande, na kwamba huu ni mwezi wa pili mita inasoma kumi na mbili nukta tatu kuanzia Alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Nikamuuliza kama mhandisi anajua. Akaniambia: "Ajua, Mwalimu. Yeye ndo kanambia n'some saa zile. Aziandika kwenye daftari lake, kisha anambia n'nyamae."

Nilikaa chini, Ridha. Mimi niliyefundishwa na huyohuyo mtoto kwamba mashine inavuta vizuri kwenye baridi, sikujiuliza kwa nini anaipima kwenye joto. Miezi miwili amekuwa anafeli mtihani kwa makusudi, mbele ya kamati nzima, jina lake likiharibika, ili mimi nisibaki peke yangu na vikombe. Mashine ya Mbeya inamngoja, na hawatamngoja milele. Nimemlea mimi, na hesabu nilimfundisha mimi, na sikumfundisha kuandika jibu la uongo kwa ajili ya kumhurumia mwalimu.

Kwa hiyo nambari moja hadi sita zichane. Ila ile ya majamvi usiichane, mtafutieni Mardhiya namna ya kukaushia karafuu zake, hiyo ni haki yake. Mengine yote chana. Na aya ya kuogopa uisahau, uliisoma kwa bahati mbaya.

Jumamosi hii, ukishaswali Alfajiri, usirudi kulala. Nenda moja kwa moja kiwandani na fomu na kalamu mbili, moja ikikataa uwe na nyingine, ukae hapo hadi saa mbili, umwambie mhandisi kwamba safari hii Mwenyekiti ndiye anayechagua saa. Mimi sitakuja. Nikija ataniangalia usoni na atatafuta kisingizio cha kuifungua pampu. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie umeamka mapema tu. Hatakuamini, lakini atatia saini.